Viti vya Shofere: Makuta Anayoshika na Makuta Anayokula

Ukurasa huu wa Mfuko wa Nyumba ulikuwa uongee mwezi huu habari ya makaa na kuni. Tumeiweka pembeni, maana kuna mama mmoja alitufikia na swali ambalo halingoji.

Mama huyo ni mjane, ana watoto watano. Ana mashine ya kushona aliyoinunua kidogo kidogo kwa miaka miwili, na mbuzi watatu. Kijana wake mkubwa anataka viuzwe vyote, mashine na mbuzi, apate makuta ya kujifunza gari na kutoa leseni, halafu aendeshe basi la Kashikishi kwenda Mansa. Mama akatuambia hivi: "Mutoto anasema shofere anashika makuta kila siku. Na kweli, miye mwenyewe nimemuona, mukono umejaa noti mupaka vidole havifungi. Miye na mashine yangu, siku ingine napata, siku ingine hapana. Sasa niuze ao nisiuze?"

Hatukumjibu siku ile. Tulimwambia atupe wiki mbili.

Kuna jambo lingine lilitusukuma. Mwezi huohuo tulisikia watu wetu wakimtukana shofere mmoja njiani kwa ajili ya nauli, wakimwita mwizi mbele ya watoto wake. Tulinyamaza, na baadaye tuliona haya kwa kunyamaza. Basi tukaomba karatasi ya kutoka, kama kila mtu anavyoomba, tukashuka hadi stesheni ya Kashikishi kutafuta shofere anayekubali kufungua mfuko wake.

Tulimpata wa tatu. Wawili wa kwanza walidhani tumetumwa na mwenye gari. Huyu wa tatu ni baba wa makamo, Mzambia wa hapahapa ziwani, lakini mama yake alizaliwa upande wa Pweto, kwa hiyo Kiswahili anakijua, kile cha soko. Alikuwa amefika stesheni saa 11 alfajiri. Tulipomkuta ilikuwa saa 3 na nusu, na gari lake la viti 14 lilikuwa na watu 8 na magunia mawili ya samaki wakavu. Alikuwa anafuta vioo kwa mara ya tatu, kwa sababu hana la kufanya.

Tulimuuliza kwa Kwacha, yeye akajibu kwa viti. Mwanzoni tulidhani anatukwepa. Baadaye tulielewa kwamba mashofere wa hapa njo wanavyohesabu, na wana akili. Kwacha inabadilika. Wazee waliokaa kambi ya Kala, Kawambwa, au Mwange, Mporokoso, wanakumbuka zile Kwacha za maelfu na mamilioni kabla ya Januari 2013, siku sifuri tatu zilipofutwa. Kiti ni kiti tu. Basi na sisi tutahesabu kwa viti, na msomaji ataweka mwenyewe bei ya leo.

Alisema hivi. Safari moja ya kwenda Mansa, kupitia Mwansabombwe na Mwense, gari likiwa na watu 14: viti 5 ni petroli. Viti 4 ni vya mwenye gari. Hii sehemu ya mwenye gari Wazambia wanaiita kashingi. Sisi kule Lubumbashi tuliiita versement, na Dar es Salaam wanaiita hesabu. Majina matatu, jambo moja: mwenye gari anataka kiasi chake kamili jioni, gari lijae lisijae, mvua inyeshe isinyeshe. Kiti 1 kinakwenda stesheni, yaani ushuru na wale vijana wanaopiga kelele kuita abiria, nao lazima wale. Kiti 1 ni cha kondakta. Hapo tumefika viti 11.

Vinabaki 3. Hivyo vitatu ndivyo vya shofere.

Lakini subiri kwanza. Vitatu ni siku gari limejaa kabisa. Likiondoka na watu 12, anabaki na kiti kimoja. Likiondoka na 11, amekwenda Mansa bure, amerudisha harufu ya petroli kwenye shati. Na likiondoka na 10, kiti kinachokosekana kinatoka mfukoni mwake, maana petroli haikubali deni na mwenye gari hakubali hadithi. Ndiyo sababu anangoja hadi saa 4 na sisi ndani tunanung'unika kwa joto. Yule abiria wa kumi na mbili unayemlaani kwa kuchelewa, yeye ndiye chakula cha watoto wa shofere siku hiyo.

Kwa hiyo yule mama aliona kweli: noti za watu 14 zimo mkononi. Ila nyingi zinapita tu, kama maji ya Luapula yanavyopita Mwense yakija ziwani.

Tulimwomba atuhesabie wiki moja, tukaandika kwenye daftari. Wiki ya kawaida ana safari sita, tatu za kwenda na tatu za kurudi. Mbili zinajaa, hapo ni viti 6. Mbili zina watu 12, hapo ni viti 2. Mbili nyingine hazimpi kitu. Jumla viti 8 kwa wiki. Sasa yeye mwenyewe anakula njiani, na mara nyingine gari linalala Mansa naye analala humo ndani, ananunua chai na mkate asubuhi. Hiyo anaikadiria nusu ya kiti kila safari, yaani viti 3. Anafika nyumbani na viti 5.

Nyumbani wako watu wanane, pamoja na mama yake mzazi. Mfuko wa unga wa kilo 25 kwa hesabu yake ni viti 2, na hauwafikishi siku kumi. Basi toa viti 2 karibu kila wiki. Vinabaki 3 kwa kodi ya vyumba viwili, makaa, mboga, mafuta ya kupikia, sabuni, dawa ya malaria ikibidi, na viatu vya watoto. Hatukuuliza habari ya akiba. Alituangalia tukiandika, akacheka, akasema, "Andikeni pia kwamba nyama tunaisikia tu harufu kwa jirani."

Kitu kimoja kimempa pumzi: tangu Januari 2022 serikali imefuta karo katika shule zake, za msingi na za sekondari, na yeye ana watoto wawili sekondari. Alisema bila hiyo, mkubwa angekuwa sasa ni mmoja wa wale wanaoita abiria.

Kuhusu petroli lazima tukae kidogo, kwa sababu ndipo ugomvi wa nauli unapozaliwa. Desemba 2021 serikali iliacha kubeba sehemu ya bei ya mafuta. Petroli ikaruka siku moja kutoka Kwacha 17.62 kwa lita hadi 21.16. Kuanzia 2022 bei ikawa inatazamwa upya kila mwezi, na mwaka 2024 lita moja ilipita Kwacha 30. Nauli haifanyi hivyo. Nauli ikipanda leo inakaa miezi, na haipangwi na shofere. Kazi yake ni kuidai na kutukanwa. Pale katikati, petroli imeshapanda na nauli bado, viti 5 vya mafuta vinakuwa 6, na hicho cha sita hakitoki kwa mwenye gari. Mwezi wa namna hiyo, hata gari likijaa, yeye anapata viti 2 tu.

Mwaka 2024 vilikuja viwili pamoja, mafuta na ukame. Tarehe 29 Februari 2024 Rais Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa, mahindi yalikauka katika majimbo mengi ya kusini na kati, na unga ulipanda hata huku kwetu Luapula ambako mvua ilikuwa afadhali. Shofere wetu anasema mwaka ule mfuko mmoja wa unga ulimla viti hadi akahamia mihogo. Kwetu sisi wa Katanga bukari ya mihogo si adhabu, tulimwambia hivyo, naye akasema mke wake ni mtu wa mahindi na amani ya nyumba ina bei yake.

Halafu kuna ziwa lenyewe. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi unafungwa ili samaki wazae. Tunaijua sheria hii sisi sote tunaokula chisense. Tusichofikiria ni kwamba basi nalo linafungwa nusu. Wanaojaza viti kwenda Mansa ni wamama wa samaki, na magunia yao juu. Ziwa likifungwa, wamama wanakaa nyumbani, na gari linalotoka na watu 12 linakuwa sikukuu. Kashingi inabaki viti 4 vilevile. Miezi hiyo mitatu shofere anakula deni dukani, na kuanzia Machi anafanya kazi kulilipa. Mwaka jana alilipa hadi Juni. Kwa hiyo kijana akimwona shofere mwezi wa Agosti, barabara kavu, samaki wengi, watu wametoka kwenye Mutomboko kule Mwansabombwe na bado wanasafiri, asidhani huo ndio mwaka mzima. Aje amwone Januari.

Tulimuuliza kama hana mkataba. Alisema mkataba wake ni funguo: akiamka asubuhi na funguo bado iko kwake, ana kazi. Akiugua siku mbili, kuna mwingine anayeshika usukani kwa siku hizo, yule ambaye Dar es Salaam wanamwita deiwaka, na mara nyingine deiwaka habanduki tena.

Sheria si kwamba hakuna. Mwaka 2020 serikali ya Zambia ilitoa amri ya mshahara wa chini kwa madereva wa malori na mabasi peke yao. Ni jambo zuri, na anayefanya kazi kwa kampuni yenye ofisi na karatasi anaweza kuishika mkononi. Lakini mwenye gari moja hapa ziwani hajioni kuwa mwajiri. Anaona amemwazima mtu gari, na yule mtu anamletea sehemu yake. Kwa hiyo mshahara hauna mahali pa kuandikwa.

Wala si hapa tu. Kenya, Februari 2004, zile sheria za waziri Michuki zilileta mikanda na vidhibiti mwendo katika matatu, na ndani yake mlikuwa pia na sharti kwamba dereva na kondakta waajiriwe kwa kudumu. Mikanda ilionekana. Ajira ya mwezi haikuonekana sana. Nairobi wengi wanaendelea na hesabu ya kila siku hadi leo. Tanzania nako, tarehe 10 Aprili 2015, madereva waligoma, mabasi yakasimama, na Mei wakagoma tena. Mojawapo ya madai yao lilikuwa mkataba wa ajira wa kuandikwa. Tunataja hayo ili kijana wetu asidhani akivuka mpaka mmoja zaidi mambo yatakuwa mengine.

Tulitaka kusikia pia upande wa pili, maana shofere huyu hajaacha kazi. Kwa nini? Alisema mambo matatu na hakuyapanga. Kwamba kila jioni analeta kitu, hata kidogo, na mke wake hajui maana ya kungoja mwisho wa mwezi. Kwamba mwenye duka anamkopesha kwa sababu anamwona kila siku. Na kwamba alikaa kondakta miaka minane kabla ya kupewa usukani, hawezi kuirudisha miaka hiyo. La tatu alilisema polepole.

Kisha wa kumi na wanne akapanda, mama na mtoto mgongoni, na mazungumzo yakaisha pale. Alituachia nambari ya viti tu, jina tulikubaliana tusiliandike.

Sasa tulimrudia mama mjane na daftari. Tulimweleza viti vyote kama tulivyowaeleza hapa. Tena tulimweleza ambayo kijana hakuyasema, labda hakuyajua. Leseni ya gari ndogo haitoshi kubeba abiria. Ya abiria ni nyingine, na kabla ya zote mbili kuna ya kujifunza. Kila hatua ina malipo yake. Na juu ya leseni, sisi ni wakimbizi. Kwa sheria ya wakimbizi ya 2017, mkimbizi anayetaka kuajiriwa Zambia anahitaji kibali cha kazi, na kutoka hapa Mantapala kunahitaji karatasi. Basi linalotoka kila siku saa 11 alfajiri na karatasi ya kutoka ya siku chache, hebu yapatanishe hayo mawili. Mwenye gari atampa funguo nani, yeye au kijana wa Kashikishi asiyehitaji karatasi? Hatusemi haiwezekani. Tunasema kibali kitafutwe kwanza, kabla mbuzi hawajauzwa, si baada.

Tukaongeza kwamba udereva una milango miwili. Mmoja ni huu wa basi na kashingi. Mwingine ni wa kuendesha kwa mshahara wa mwezi: lori la kampuni, gari la hospitali, gari la shirika. Mlango wa pili ni mwembamba, unataka leseni kubwa, miaka ya uzoefu na karatasi safi, lakini huko ile amri ya 2020 ina mtu wa kuisoma. Kijana akisema "nataka udereva", mzazi amuulize ni upi. Wengi wanaonyesha mlango wa kwanza na kuota ule wa pili.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Halafu akafanya kitu ambacho sisi hatukukifikiria: akachukua kalamu yetu akahesabu mashine yake kwa namna ileile. Sare moja ya shule, kitambaa ni cha mteja, uzi wake, sindano huvunjika mara moja kwa mwezi, mafuta ya mashine chupa ndogo kwa miezi mitatu. Hakuna wa kumletea kashingi. Hesabu ilikuwa ndogo, hatutaficha. Mwezi wa masomo kufunguliwa inakuwa nzuri, miezi mingine ni ya viraka tu. Lakini kila kilichobaki kilikuwa chake. Akasema, "Mashine yangu hainywi petroli."

Kijana alikuwa amesimama mlangoni. Hakupenda. Alisema sisi wazee tunaogopa kila kitu, na kwamba kushona ni kazi ya kukaa. Hatukumkatalia moja kwa moja, kwa sababu na sisi tulikuwa na umri huo, na wengine wetu tulikimbia Pweto na Moba tukiwa na umri huo, hakuna aliyetuuliza kama tunataka kukaa. Walizungumza usiku ule wao kwa wao. Waliyokubaliana ni haya: mashine haiuzwi. Kijana ataenda ofisini kuuliza juu ya kibali, kwa mdomo wake mwenyewe, si kwa kusikia. Kibali kikipatikana, mbuzi mmoja atauzwa kwa ajili ya leseni ya kujifunza, na mengine yataonekana.

Hadi tunaandika, ameenda ofisini mara mbili na ameambiwa arudi. Mbuzi bado ni watatu, na mmoja ana mimba.

Mwezi ujao, makaa na kuni kama tulivyoahidi. Aliye na hesabu yake ya mwezi, hata iliyoandikwa kwenye karatasi ya sabuni, atuletee Jumamosi mchana pale tunapokaa siku zote. Na ukipanda basi lile la viti 14 ukalikuta na watu 11, mwite jirani yako.